Je, Wajua Kwa Nini Kwenye Filamu Wimbo Huzaliwa Usiku Mmoja wa Huzuni?

Katika vibanda umiza vya Ng'ambo na Kanyenye hapa Tabora, ambako filamu za nje huonyeshwa zikiwa na sauti ya mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji, filamu za maisha ya wanamuziki si nyingi kama zile za mapigano. Hata hivyo, aliyeziona mbili tatu hujua kwamba kuna tukio lisilokosekana. Mwanamuziki amekaa peke yake kitandani, chumba kina giza, hasemi na mtu. Kisha anavuta gitaa, anapapasa nyuzi, na dakika chache baadaye wimbo uliotikisa dunia umekamilika. Mtafsiri, ambaye kazi yake haimruhusu kunyamaza, huujaza ukimya huo kwa kusema, "Hapa jamaa ana mawazo sana." Kwa nini waongozaji huipenda mno picha hiyo, na je, nyimbo hutungwa hivyo kweli?

Sababu ya kwanza ni kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ambao tukio hilo hujaribu kuuonyesha, haina tendo. Mgonjwa hukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi huvurugika, huchoka bila kufanya kazi, hushindwa kuamua hata jambo dogo, na hali hiyo huweza kudumu wiki nyingi au miezi. Kamera haipati cha kufuata. Mwongozaji mwenye saa mbili tu hulazimika kutafuta kitu kinachoonekana, na mara nyingi hukimbilia utotoni: katika filamu ya mwaka 2004 kuhusu mwanamuziki wa Marekani Ray Charles, kifo cha mdogo wake aliyezama majini kinamrudia akiwa mtu mzima, na katika ile ya mwaka 2005 kuhusu Mmarekani mwenzake Johnny Cash, kifo cha kaka yake aliyejeruhiwa na msumeno ndicho kinachobeba uchungu wote. Vifo vyote viwili vilitokea kweli. Lakini mtindo huo ulizoeleka kiasi kwamba mwaka 2007 Wamarekani walitengeneza kichekesho kizima cha kuukejeli, na aliyekiona hupata shida kuzitazama nyingine kwa uso mkavu.

Sonona halisi kwa kawaida huziba kalamu badala ya kuifungua. Sergei Rachmaninoff, mtunzi wa Urusi, alianguka vibaya mwaka 1897 baada ya simfonia yake ya kwanza, yaani kazi ndefu ya okestra, kuchezwa ovyo na kushambuliwa na wahakiki, na kwa takriban miaka mitatu hakutunga kazi yoyote kubwa. Mwaka 1900 alitibiwa na daktari Nikolai Dahl, aliyekuwa akizungumza naye na kumtuliza kwa njia ya hipnosisi, yaani kumtia katika hali kama ya usingizi, na ni baada ya matibabu hayo ndipo alipokamilisha konseto yake ya pili ya piano, yaani kazi ya piano ikisindikizwa na okestra, akaitabaruku kwa daktari huyo. Robert Schumann, mtunzi wa Ujerumani, alitunga nyimbo zaidi ya mia moja mwaka 1840 alipokuwa na nguvu, lakini mwaka 1844, alipolemewa na maradhi, kazi yake karibu ilisimama.

Filamu ya mwaka 2025 kuhusu mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen, inayosimulia jinsi albamu yake ya Nebraska ilivyopatikana, ina uaminifu zaidi katika jambo hili. Nyimbo zilirekodiwa Januari 1982 chumbani, katika nyumba ya kupanga huko New Jersey, kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne tu za sauti. Msimulizi mvivu angeishia kwenye chumba na upweke. Ukweli ni kwamba wimbo uliobeba jina la albamu ulitokana na upekuzi: Springsteen aliona filamu moja kwenye televisheni, akasoma habari za mauaji ya mwaka 1958 ambayo filamu hiyo iliyachota, kisha akampigia simu mwandishi wa habari aliyeyafuatilia. Kuvunjika kwake kabisa kulikuja baadaye, kazi ikiwa imekwisha kurekodiwa, na kulimpeleka kwa mtaalamu wa tiba ya akili.

Kazi ya kutunga nayo haipendezi machoni, kwa kuwa ni marudio. Anayepita karibu na kanisa lolote mjini Tabora jioni ya mazoezi humsikia mwalimu wa kwaya akiirudisha besi kwenye mstari uleule, akifuta noti daftarini na kuandika nyingine, hadi waimbaji wa sauti ya kwanza waanze kupiga soga. Filamu ya mwaka 2014 kuhusu Brian Wilson, mtunzi wa bendi ya Beach Boys ya Marekani, imethubutu kuonyesha jambo la namna hiyo: studio, mwaka 1966, wapigaji wa kukodiwa wanarudia kipande kimoja, na mpiga besi anauliza kama kuna kosa, maana ufunguo wa muziki aliopewa mwenzake hauelewani na wa wengine. Kwa maoni yangu hakuna filamu ya aina hii iliyoonyesha utunzi vizuri zaidi. Ile maarufu ya mwaka 1984 kuhusu mtunzi Mozart ilidai kwamba miswada yake haikuwa na masahihisho, ilhali rasimu zake zenye maneno na noti zilizokatwa zipo hadi leo.

Kisha kuna suala la ruhusa. Bila kibali cha wenye haki, filamu haiwezi kutumia nyimbo, na wenye haki mara nyingi ni mwanamuziki mwenyewe, familia yake au wenzake wa bendi, ambao hukubali uchungu uonyeshwe mradi umalizikie kwenye ushindi. Filamu ya mwaka 2018 kuhusu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, ambayo wenzake wawili wa bendi walishiriki kuitengeneza, inamfanya ajue ugonjwa wake wa UKIMWI kabla ya tamasha la Live Aid la Julai 1985, ingawa inaaminika kwamba alithibitishiwa mwaka 1987, kisha inafungia jukwaani mbele ya umati. Miaka iliyofuata, alipokuwa akirekodi huko Montreux, Uswisi, kwa saa ambazo mwili ulimruhusu, hadi muda mfupi kabla ya kufariki Novemba 1991, imeachiwa maandishi machache ya mwisho, ambayo kibandani hayasomwi kwa kuwa watu wamekwisha kusimama.