Dirisha la faragha halimzuii mwajiri kuona
Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: fungua dirisha la faragha (lile la kivinjari linaloitwa "Incognito" au "Private") kwenye kompyuta ya kazini, mwajiri hatajua unatafuta kazi kwingine au unaulizia haki zako. Si kweli. Dirisha hilo hufuta historia na vidakuzi (faili ndogo zinazoachwa na tovuti) kwenye kifaa tu, tena ukishalifunga. Mtandao wa ofisi bado unaweza kuona tovuti ulizotembelea, na programu ya ufuatiliaji, kama imewekwa, inaweza hata kupiga picha za skrini. Watu huchanganyikiwa kwa sababu wakiangalia historia, hawakuti kitu.

Hakiki mwenyewe: soma maandishi yanayotokea dirisha hilo likifunguka, mara nyingi yanamtaja mwajiri waziwazi. Mambo yako yafanyie kwenye simu yako, kwa bando lako. Ujumbe ule usiusambaze.