Kifungua kinywa na kufaulu darasani: hapo katikati kuna nini?

Tuanze na neno lenyewe maana lina raha yake. Kifungua kinywa, kiamsha kinywa, staftahi, yote ni mlo wa kwanza baada ya kuamka, na hiyo staftahi imetoka kwenye Kiarabu ikiwa na maana hiyohiyo ya kufungua au kuanza. Sasa ukisikia watu wanasema kinamsaidia mwanafunzi kufaulu, usidhani kuna chakula kinaongeza akili, hakuna. Kinachosaidiwa ni umakini, basi.

Iko hivi: ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima lakini mwili ukiwa umetulia unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote, mlafi kwelikweli, na chakula chake kikuu ni glukosi, ile sukari inayotembea kwenye damu. Tatizo ubongo wenyewe hauna stoo ya maana. Ukiwa umelala ini ndo linatoa akiba yake kidogokidogo, kufika asubuhi akiba imeshuka sana, na mtoto ndo anaumia zaidi kwa sababu ubongo wake unakula zaidi kwa mwili aliokuwa nao na akiba yake ni ndogo. Mwili hauzimiki, una njia zake za kujihami, ila ikifika saa nne unamuona kasoma sentensi moja mara tatu haijaingia, hesabu ya hatua nne anapotea hatua ya pili, na kila kitu kinamuudhi. Mwalimu anasema mzembe, kumbe njaa.

Jamaica waliwahi kulipima hili vizuri, matokeo yakachapishwa 1998. Walichukua watoto 814 wa shule za msingi vijijini, kundi moja likapewa kifungua kinywa shuleni kwa mwaka wa masomo, lingine likapewa robo ya chungwa. Waliokula wakaongezeka kidogo uzito na kimo, wakahudhuria shule zaidi, na wale wa madarasa ya chini wakapanda kwenye hesabu. Hapo kwenye mahudhurio watu wanapitaga haraka, ila mimi naona ndo penye uzito, maana asiyekuja shule hata ubongo ukiwa umeshiba hasomi kitu.

Ila msikimbilie kusema kila anayefaulu ni kwa sababu amekula. Nyumba yenye chakula cha asubuhi mara nyingi ndo ina vitabu, usingizi wa kutosha na mtu wa kukagua daftari, kwa hiyo ukilinganisha tu wanaokula na wasiokula unachanganya mambo mengi. Faida inaonekana zaidi kwa watoto wenye lishe duni. Aliyeshiba vizuri jana, akiruka siku moja, tofauti ni ndogo.

Na aina ya chakula nayo ina kazi yake. Sukari tupu inapandisha glukosi haraka halafu inashuka haraka, mtoto anarudi kulekule, wakati nafaka isiyokobolewa pamoja na protini kidogo inaachia nishati polepole. Wapo pia wasioweza kumeza kitu alfajiri, huyo usimlazimishe, mfungie ale mapumziko ya kwanza.