Ua la piko lisilotoka mkononi

Wiki tatu baada ya harusi yake, bibi harusi mmoja wa Wete, Pemba, aliniwekea mkono mezani. Malengelenge yaliyoletwa na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua ya maharusi, yalikuwa yamekauka, muwasho umekwisha, hina ya viganjani imeshapauka. Lakini nyuma ya kiganja ua la piko lilikuwa palepale, na petali zake na vikonyo vyake, kahawia iliyokolea.

"Daktari, piko gani hii isiyotoka?"

Piko ilishatoka siku nyingi, mwanangu, nikamwambia. Unayoiona ni rangi ya ngozi yako mwenyewe.

Ngozi ikiwaka kwa mzio, seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, huchachamaa, zikamwaga rangi kupita kiasi. Upele hupona, rangi ikabaki. Sisi wenye ngozi nyeusi hatuna seli hizo nyingi kuliko wazungu; zetu zinafanya kazi kwa nguvu zaidi, ndiyo maana hata kuumwa na mbu hutuachia doa. Rangi ikiwa tabaka la juu huwa ya kahawia, na hufifia kwa miezi kadiri ngozi inavyojibadilisha. Ikishukia chini, doa hupiga kijivu na linaweza kukaa miaka. Ua lake lilikuwa na yote mawili: petali kahawia, na katikati, palipokuwa na lengelenge kubwa, rangi ya majivu.

Mama yake, kwa huruma ya mama, alikuwa akimsugua singo, ule mchanganyiko wenye harufu wa kusugulia mwili, kila jioni na ndimu kila asubuhi. Singo naipenda mno, harufu yake ndiyo harusi yenyewe kwetu. Lakini ngozi iliyotoka kuungua ukiisugua inawaka upya, na inazidi kujitia weusi. Ndimu ni hatari zaidi: maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuleta doa jipya juu ya la zamani.

Nilimpa krimu ya asidi ya azelaiki, na ya kukinga jua yenye rangi ya ngozi. Mkorogo wa kuchubua ngozi nilimkataza kabisa. Wenye zebaki hudhuru figo, na wenye haidrokwinoni ukipakwa muda mrefu huweza kuacha weusi usiofutika.

Sasa piko yenyewe. Hina ya majani hutoa wekundu wa udongo. Ule weusi wa makaa wa piko mara nyingi hutokana na dawa ya kupaka nywele rangi, yenye kemikali ya PPD. Ulaya sheria inaruhusu mpaka asilimia 2 tu kwenye nywele, na kwenye ngozi hairuhusu hata kidogo. Mwili ukishaikataa mara moja hausahau: siku akipaka nywele rangi, uso unaweza kumvimba. Nilimwandikia hilo kwenye kadi yake kwa wino mwekundu. Na muwasho ukianza tu, njooni siku hiyohiyo. Upele unaozimwa mapema huacha doa dogo.

Alirudi baada ya miezi minne. Vikonyo vimepotea, petali zimefifia, katikati bado kijivu. Mdogo wake anaolewa karibuni. Tumekubaliana hina ya majani peke yake, na mpakaji aukoroge unga mbele ya mama.