Kule juu mvutano upo

Kijiweni Sabasaba, Dodoma, jamaa alishikilia kwamba Felix Baumgartner, yule aliyeruka kutoka kwenye puto mwaka 2012, alikuwa "nje ya mvutano wa dunia". Wapi! Alikuwa kilomita 39 juu. Ulaze umbali huo barabarani, hata Kibaigwa hujafika. Mvutano pale hupungua kwa asilimia moja na kitu tu. Kinachokosekana ni hewa: haifiki asilimia 1 ya hii ya kwetu. Ndiyo maana alifikia kilomita 1,357 kwa saa, akaipita kasi ya sauti, kisha hewa nzito ya chini ikampunguza mwendo. Na kabla ya kupaa alivuta oksijeni tupu kama saa mbili, kuitoa naitrojeni mwilini isije ikafanya mapovu, kama soda ikifunguliwa kizibo.