Wasifu wa Marehemu: Yanayosomwa na Yanayoachwa

Katika misiba mingi ya Tanzania Bara, hasa ya Wakristo, kuna dakika chache kabla ya kutoa heshima za mwisho ambapo mshereheshaji humwita mwanafamilia asome wasifu wa marehemu. Waislamu, kwa kuwa huzika mapema, mara nyingi huyasema maneno hayo kwa ufupi au huyaacha hadi siku ya hitima. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo nafasi pekee ambapo ukoo husimama mbele ya majirani, waajiri na viongozi wa mtaa, ukasimulia habari zake kwa kinywa chake wenyewe. Mimi ni mhariri wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiletewa karatasi hizo usiku wa kuamkia mazishi, turubai likiwa limekwisha kufungwa na kamati ikipiga hesabu za rambirambi. Nasikitika kuona nafasi hiyo adhimu inapita bila kusimulia chochote.

Mtiririko wake tunaujua sote: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, alisoma shule hii na ile, aliajiriwa, akahamishwa, akastaafu, alianza kusumbuliwa na maradhi, ameacha mjane, watoto na wajukuu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mtiririko huo una heri yake, kwa maana mfiwa aliyelemewa na uchungu hupata maneno ya kushika bila kuyatafuta. Ila kadiri miaka inavyokwenda umezidi kufanana na barua ya kuombea kazi, na hata katika mazishi ya viongozi yanayorushwa moja kwa moja na televisheni tunasomewa vyeo na tarehe za uteuzi, kimoja baada ya kingine, hadi mtu mwenyewe anapotea.

Niliwahi kuletewa wasifu wa fundi wa injini za garimoshi. Sentensi moja ilisema kwamba mwaka 1977 alihamishiwa Tanzania, akaendelea na kazi. Nilimwendea dada yake, nikamuuliza: “Shangazi, alihamishwa kutoka wapi?” Akasema ni Nairobi, yalikokuwa makao makuu ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Mwaka ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983. Kaka yake alirudi na mke, watoto wawili na cherehani, akaacha kiwanja alichokuwa ameanza kukilipia na rafiki ambaye hakumtia machoni tena hadi mpaka ulipofunguliwa. Mafao yake ya Jumuiya aliyafuatilia hadi uzeeni, kama walivyofanya maelfu ya wenzake. “Mwanangu, andika alikuja na cherehani,” akanisisitiza, “kwa sababu hiyo ndiyo iliyowalisha miezi ile.” Watoto waliozaliwa baadaye walijua tu kwamba baba hakutaka cherehani ile iuzwe; sababu hawakuijua. Tuliongeza sentensi nne. Zilipokuwa zikisomwa, wastaafu wa reli waliokaa viti vya nyuma waliitikia kwa sauti: “Kweli kabisa.”

Mwitikio ule ndio ninaoutafuta. Aliyekulia kwenye hadithi za jioni anajua kwamba msimulizi hupokewa na wasikilizaji kabla hajaendelea: yeye husema “paukwa”, nao hujibu “pakawa”. Wasifu unaotaja mambo waliyoyashuhudia watu huwapa waombolezaji nafasi hiyo ya kupokea, nao wakipokea, maisha ya mtu wa kawaida yanaingia katika historia ya nchi bila kusubiri mwanahistoria.

Basi nikikaa na wafiwa siulizi marehemu alikuwa mtu wa namna gani, maana nitajibiwa kwamba alikuwa mcheshi na mpenda watu. Nauliza nani alimlipia ada, mshahara wake wa kwanza aliufanyia nini, ugomvi gani aliusuluhisha, na nani alikuwa akigonga mlango wake usiku akiwa na shida. Watoto huwa hawajui. Mama mkubwa, mjomba na wifi wanajua, nao ndio ambao kwa kawaida hakuna anayewauliza kwa sababu wako jikoni au wamekaa mkekani na mfiwa.

Yako pia yale ambayo karatasi haiwezi kuyabeba, na hapo wazee wetu walikwisha kutusaidia kwa kutuwekea watani. Wanyamwezi na Wazaramo, Wapare na Wachaga, Wangoni na Wahehe waliopigana vita katika karne ya 19: mtani anapofika msibani ana ruhusa ya kuvaa koti la marehemu, kuiga mwendo wake, kutangaza ubahili wake na hata kuzuia jeneza hadi alipwe. Mjane aliyekuwa analia hucheka, kisha hulia vizuri zaidi. Naona uchungu utani huu unapokatwa kwenye ratiba za mijini kwa kisingizio cha muda, kwa sababu bila mtani wasifu wetu unabaki na sifa tupu.

Jambo gumu kuliko yote ni majina. Familia inaweza kunisihi nimwache mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, au nimtaje mke mmoja tu wakati wote wawili wamekaa pale mbele wakiwa na kanga za msiba. Huwa nakataa, kwa upole lakini bila kuyumba. Wiki chache baadaye ukoo huohuo utaketi kumpendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari wa kikao upelekwe Mahakama ya Mwanzo, na mtoto aliyerukwa mbele ya umati atafika pale akiwa tayari amejeruhiwa. Nashauri watoto wote watajwe kwa mpangilio wa kuzaliwa, bila vivumishi.

Nakala ya wasifu isiachwe mikononi mwa mshereheshaji, kwani karatasi hizo hupotea siku hiyohiyo. Chini yake yaandikwe majina ya waliosimulia na tarehe, kisha apewe anayetunza vyeti vya familia.