Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar: nani hasa alidai uchaguzi?

"Waafrika wa Zanzibar walidai uchaguzi, Waarabu wakaupinga." Sentensi hii naikuta kila muhula kwenye majibu ya wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Dar es Salaam, na hata wazazi wao hunirudishia hiyohiyo. Imenichosha.

Mwaka 1954 waliopaza sauti kuliko wote ni viongozi wa Jumuiya ya Waarabu. Walitaka viti vya kugawiwa kwa misingi ya rangi viondolewe, raia wa Sultani wapige kura kwa daftari moja la wapigakura wa rangi zote. Gazeti lao, Al-Falaq, likaandika makali hadi viongozi hao wakatiwa hatiani kwa uchochezi, na wajumbe Waarabu wakalisusia Baraza. Mmoja aliyevunja mgomo huo, Sultan Ahmed Mugheiry, aliuawa mwaka 1955.

Jumuiya ya Waafrika ndiyo iliyotaka mambo yaende polepole. Kwa nini? Baraza lilianza 1926, lakini Mwafrika wa kwanza kuteuliwa, Ameri Tajo, aliingia 1946, miaka 20 baadaye. Waafrika waliosoma walikuwa wachache, na wengi wenye asili ya bara hawakuhesabiwa kuwa raia wa Sultani, kwa hiyo daftari hilo moja lingewaacha nje. Hofu yao ilikuwa na msingi, na anayeiita usaliti hajasoma vya kutosha.

Kisha angalieni kilichotokea Julai 1957. Viti sita vikapigiwa kura, na ZNP (Zanzibar Nationalist Party), chama kilichokuwa mstari wa mbele kudai uchaguzi, hakikupata hata kimoja. Katika jimbo la Ng'ambo, mjini Unguja, Abeid Karume, kiongozi wa upande wa Waafrika, alimshinda kiongozi wa ZNP mwenyewe, Ali Muhsin. Huwezi kuuelewa mshangao huo kama tayari umeshaamini kwamba upande mmoja ulidai na mwingine ukakataa. Ndiyo maana nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza: Zanzibar isomwe kuanzia 1926 kwenda mbele, si kuanzia Mapinduzi ya Januari 1964 kurudi nyuma.

Madai mengine potofu ninayoyasikia nitayapitia haraka.

Eti lilikuwa baraza la Sultani. Sultani Khalifa bin Harub aliongoza Baraza la Utendaji. La Kutunga Sheria liliongozwa na Balozi Mkazi wa Kiingereza, na maofisa wa serikali walikuwa wengi kuliko wajumbe wengine. Hao wengine mwanzoni walikuwa sita: Waarabu watatu, Wahindi wawili, Mzungu mmoja.

Eti ndilo lililokuwa likikutana katika ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Hilo ni la Tanganyika! Nalo lilianza 1926, lakini chini ya Gavana, na Waafrika wake wa kwanza, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, wote machifu, waliteuliwa 1945.

Eti 1957 kila mtu alipiga kura. Wanawake hawakupiga, na mwanamume naye alipaswa kutimiza masharti kabla ya kuandikishwa.

Eti mwenye kura nyingi ndiye aliyeunda serikali. Julai 1963 ASP (Afro-Shirazi Party), chama cha Karume, ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP yenye 12 na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) yenye 6 zikaungana zikatawala. Kura za ASP zilirundikana kwenye majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, kwa hiyo mwanafunzi anayeniletea jumla ya kura bila kugusa majimbo namrudishia karatasi yake.