Mtafiti mwenza ni nani?

Neno "shirikishi" lina ugomvi ndani yake. Limetoka kwenye shirikisha, yaani kumfanya mtu ashiriki. Basi mtu akija Lamu akasema anafanya utafiti shirikishi wa afya, muulize kwanza: nani anamshirikisha nani? Mara nyingi utakuta ni mgeni mwenye fomu, kina mama kumi jamvini, soda, nauli ya boti, na kwaheri. Hao wamehojiwa tu, hata kama wamepigwa picha ya pamoja.

Dhana yenyewe inadai zaidi. Wanaotoa huduma na wanaoipokea hukaa pamoja tangu swali linapotungwa. Wakakusanya habari pamoja, wakazichambua pamoja, na matokeo yakawa yao wote. Mwanajamii anayeingia kwa mlango huo ndiye mtafiti mwenza. Si jambo geni pwani hii. Katika miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia wa Finland, na wenzake wa Tanzania walifanya utafiti na wanavijiji wa Bagamoyo katika mradi ulioitwa Jipemoyo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi anataka kujua: "Kwa nini wajawazito wa Kizingitini, kisiwani Pate, huchelewa kuja kliniki Lamu?" Akiliuliza peke yake, hukumu imo tayari ndani ya swali. Mkae naye mkunga wa jadi, mama wa watoto wanne na nahodha wa boti, litageuka: "Mama akishaamua kuja, anakwama wapi?" Hapo ndipo utasikia kwamba maji yakipwa boti hupita mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda kwa shida, kwamba nahodha hang'oi nanga kwa abiria watatu, kwamba msimu wa kusi bahari huchafuka, na kwamba mume mwenye kutoa nauli yuko baharini tangu juzi. Fomu ya kwanza haikuwa na nafasi ya kuandika lolote kati ya hayo.

Mafunzo basi ni ya pande mbili. Wanajamii hufunzwa kuuliza bila kumtilia mtu jibu mdomoni, kuandika alichosema badala ya walichodhani, na kuomba ridhaa: anayekataa amekataa, na huduma yake isiguswe. Somo gumu zaidi kwao ni siri. Mji wa vichochoro, nyumba zimeegemeana, na anayehojiwa huenda ni shangazi yako au jirani ya mama mkwe wako. Ndiyo maana wengi hupangiwa kuhoji mtaa usio wao, wa Mkomani akaenda Langoni, ingawa hata huko hutakosa binamu.

Kwa maoni yangu, muuguzi ndiye mwenye kazi nzito. Anafunzwa kunyamaza. Mama akisema alikunywa dawa ya miti kabla ya kwenda hospitali, ulimi wa muuguzi huwasha. Miaka yote amelipwa kusahihisha. Siku hiyo hasahihishi, na sare ameiacha nyumbani. (Ushauri una wakati wake, mahojiano yakishaisha.)

Vibali si vya kuruka: Kenya kuna leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kamati ya maadili nayo ipitie mpango mzima. Posho pia isemwe mapema. Muuguzi akiketi kikaoni mshahara wake unaingia, lakini mvuvi aliyeketi kando yake amepoteza siku ya bahari.

Mahali pa kupima kama ushirika ni wa kweli ni kwenye uchambuzi. Maneno ya waliohojiwa huandikwa kwenye vijikaratasi, bila majina, yakatandazwa mkekani na kupangwa mafungu. Muuguzi anaokota kilichoandikwa "sikwenda, nilingoja mpaka Ijumaa" akakiweka fungu la uzembe. Mkunga anakichukua, anakisoma tena, anakihamishia fungu la boti.